Siku moja maishani mwangu: Lubumbashi, kinasa sauti na wasomi wa filamu

Saa kumi na moja alfajiri. Umeme umerudi usiku, kwa hiyo naamka kuchaji kila kitu: kinasa sauti, simu, kompyuta na taa. Hapa Katuba, mtaa wetu wa Lubumbashi, ukilaza damu saa hizi, mchana utahangaika. Ninatayarisha kipindi cha redio ambamo wasomi wa filamu, televisheni na vyombo vya habari wanazungumza kwa Kiswahili. Betri zikiwa zinajaa, napitia maswali ya leo. Lile la "sinema ya Kiafrika ni nini" nimelifuta. Kila mgeni ana jibu lake la tayari, na msikilizaji aliyeko Ruashi haondoki na kitu. Mahali pake nimeandika: nani alitazama, alikaa wapi, na nani alimweleza kinachopita kwenye picha?

Saa mbili. Basi dogo hadi mjini, jingine hadi Kasapa, chuo kikuu. Nimesimama njia nzima, begi kifuani.

Saa tatu. "Karibu, mdogo wangu," profesa ananiambia, akiondoa rundo la kazi za wanafunzi kwenye kiti. Anafundisha historia ya vyombo vya habari. Naweka kinasa sauti juu ya kitabu kinene ili kisidake mtikisiko wa meza, nafunga dirisha, namwomba azime feni. Anaanza kwa Kifaransa cha darasani. Namwambia, "Prof, mama yangu atasikiliza." Anatulia kidogo, anavua miwani, anaanza upya kwa Kiswahili, na hapo ndipo mazungumzo yanapata damu.

Ananieleza amri ya serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ya mwaka 1936, iliyowazuia Wakongo kuingia kwenye maonyesho ya filamu yasiyopitishwa kwa ajili yao. Wazungu wa Elisabethville, kama mji huu ulivyoitwa, walikuwa na sinema zao. Wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya madini ya wakoloni, walionyeshwa filamu kambini, nje, usiku, zile zilizochaguliwa na kampuni na mapadri: usafi, kazi, ndoa njema, vichekesho visivyo na hatari. Filamu nyingi hazikuwa na maneno ya kueleweka na watu wa kule, kwa hiyo karibu na mashine alisimama msimulizi, akieleza kwa lugha ya watazamaji.

"Sasa fikiria," profesa anasema, "usiku ule kulikuwa na filamu mbili. Moja iko kwenye utepe, na tepe nyingi zimetunzwa Ubelgiji. Nyingine ilitoka mdomoni mwa msimulizi. Ile hakuna aliyeirekodi."

Namuuliza: basi tunafundishaje historia ya sinema ya Katanga, eneo letu hili, bila ile ya pili? Anakaa kimya muda mrefu. Ukimya huo sitaukata. Kisha anasema inabidi kwenda kwa wazee, na kwenda upesi. Naamini hivyo kwa moyo wangu wote. Kila msiba wa mstaafu wa Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi Union Minière, unazika na maonyesho ya filamu ambayo hayamo katika maktaba yoyote.

Saa saba mchana. Bukari na kapenta, haraka.

Saa nane. Kwa simu, mtafiti kijana aliyeko Kinshasa, anayeandika tasnifu kuhusu tamthilia za televisheni. Yeye ananiita "Yaya", yaani mkubwa wake, ingawa hatujawahi kuonana. Anamsifu sana Katrien Pype, mwanaanthropolojia Mbelgiji aliyekaa Kinshasa na kuigiza pamoja na kundi la waigizaji wa televisheni, ndipo akatoa kitabu chake mwaka 2012. Pype aliwachukulia wachungaji, wachawi na mashetani wa tamthilia zile kama jambo zito, kwa sababu watazamaji wenyewe waliwachukulia hivyo. Nampenda msomi wa namna hii, asiyemcheka mtu aliyelia mbele ya televisheni.

Umeme unakatika katikati ya sentensi, na jenereta ya jirani inawaka. Mtafiti anaisikia. "Iache iingie," ananiambia, na mazungumzo yanageukia kwa Brian Larkin, mwanaanthropolojia aliyechunguza sinema na video huko Kano, Nigeria, katika kitabu cha mwaka 2008. Larkin alionyesha kwamba kanda iliyonakiliwa mara nyingi, picha yenye ukungu na sauti ya kukwaruza ni sehemu ya namna watu walivyoijua filamu. Kwetu Lubumbashi hilo halihitaji maelezo. Nani hapa amewahi kuona mwisho wa kila filamu aliyoianza?

Saa kumi. Kambi ya zamani ya Gécamines, kwa mzee mmoja mstaafu. Namsalimu, "Jambo, Papa," nakaa kwenye stuli, na namsikilizisha kipande cha profesa. Anasikiliza ameinamisha kichwa, mkono sikioni.

"Ni kweli," anasema. "Lakini ameacha kitu. Sisi watoto hatukupata nafasi mbele. Tulikaa nyuma ya shuka lililoonyeshewa filamu. Picha tuliiona imegeuka: kauboi alishika bastola kwa mkono wa kushoto. Na yule msimulizi, padri akiwapo, alisema kama alivyoagizwa. Padri akitoka kidogo, alitupa maneno yake mwenyewe, na kambi nzima ilicheka."

Namwomba arudie maneno yale. Anasimama kabisa, anapanua mikono, anaigiza msimulizi, kauboi na farasi. Mkewe anatoka jikoni na kumsahihisha sauti ya farasi.

Saa moja usiku. Uhariri. Mwenzangu wa redio anapendekeza nilainishe Kiswahili cha mzee kidogo, kisikike sanifu. Nakataa. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyewahi kufundisha hapa mjini, alifuatana na kundi la maigizo la Mufwankolo likitayarisha mchezo wa televisheni, na kitabu chake cha mwaka 1990 kiliyachapa maneno ya waigizaji kwa Kiswahili chetu, pamoja na mabishano yao ya mazoezini. Kama mgeni aliyaheshimu hivyo, mimi mwana wa Katuba nina sababu gani ya kuyapiga pasi?

Naweka sauti ya profesa, kisha mzee moja kwa moja, bila mimi kuingia kati.

Saa tatu usiku. Nimemtumia profesa sehemu ya mzee. Anajibu kwa ujumbe wa sauti, anaongea haraka, anataka kujua msimulizi yule alitoka kijiji gani na kama ana watoto walio hai. Tumekubaliana Alhamisi twende wote kambini. Nimemwomba aje na wanafunzi wake, kila mmoja na simu yenye nafasi ya kutosha ya kurekodi, maana mzee amesema majirani zake watatu nao walikaa nyuma ya shuka.