Mkuu wa loji na kabari ya mbao

Ndugu zangu wa Dar, acheni kunitumia zile namba za kwenye nguzo za umeme mkiuliza kama ni za kweli. "Jiunge Freemason upate utajiri" ni utapeli mtupu. Loji ya kweli, yaani tawi la chama cha Freemason, haikulipi. Wewe ndiye unayetoa ada kila mwaka. Anayeutaka huo utajiri aje huku Ohio mwezi wa Januari, amwone mkuu wa loji, mzee mwenye mvi, amepiga magoti kwenye ofisi waliyopangisha akisukuma kabari ya mbao chini ya rejeta, chuma cha kupashia chumba joto.

Jengo lao ni la matofali ya kuchoma. Kwenye jiwe la msingi, kona ya kaskazini mashariki, pamechongwa A.L. 5905, yaani Anno Lucis, Mwaka wa Nuru. Si uchawi: huongeza 4000 kwenye mwaka wa kawaida, kwa hiyo ni 1905. Ukumbi wao uko juu, chini ni maduka na ofisi. Loji nyingi za miji midogo ya Marekani zilijengwa hivyo ili kodi ya wapangaji wa chini itunze jengo. Mwaka 1959 wanachama nchi nzima walizidi milioni 4. Leo hawafiki milioni moja, na paa ni lile lile. Mkuu huchaguliwa kwa mwaka mmoja, na mzee huyu halipwi hata senti.

Rejeta za mvuke za bomba moja zina masharti yake. Mvuke huingia na maji hurudi kwa bomba hilo hilo, hivyo lazima ziinamie kidogo upande wa valvu. Sakafu ikititia, maji hutuama, mvuke huyarusha, na usiku kucha ni vishindo kama vya nyundo. Dawa ni kabari nyembamba chini ya miguu ya upande wa pili, kisha weka pima maji juu yake. Valvu ifunguliwe yote au ifungwe yote. Ukiiacha nusu, maji hukwama.

Ukuta ndio unaonitia uchungu. Mkandarasi mmoja alitaka kujaza viungo vya matofali kwa saruji, kwa bei rahisi. Mzee akakataa, na namuunga mkono kabisa. Tofali la zamani ni laini. Saruji ngumu hufungia unyevu ndani, baridi ikiugandisha, uso wa tofali unabanduka vipande vipande. Watu wa Mji Mkongwe wanaijua hasara ya saruji juu ya chokaa. Mzee hutoa chokaa ya zamani viungoni kwa patasi, si grainda, kina cha sentimita 2 hivi. Hulowesha, hujaza chokaa kipimo 1 kwa mchanga 3, hufunika gunia bichi siku kadhaa. Joto likishuka karibu na nyuzi 5 za Selsiasi, kazi inasimama hadi msimu ugeuke. Zile alama za Freemason zinazowatisha watu, skwea, bikari, timazi, pima maji, ni vyombo vya fundi mwashi.

Wewe unayekuja kupanga ofisi jengo la kale, kodi ndogo isikupumbaze. Mikataba mingine hukubebesha kodi ya serikali ya jengo, bima na matengenezo juu ya pango. Uliza nani analipa gesi, na udai bili za Desemba hadi Februari zilizopita kabla hujasaini. Halafu uombe boila iwashwe ukiwa humo ndani, usikilize mabomba.