Zebaki ilikua dawa jamani

Nasoma famasia na wiki hii tumepewa asainmenti ya historia ya zebaki (mercury), nimeshamaliza ila imenikaa kichwani mpaka usingizi unakata. Hivi mnajua kaswende ilivyoingia Ulaya miaka ya 1490 madaktari walikua wanampaka mgonjwa mafuta ya zebaki mwili mzima, wanamfungia chumba chenye joto kali au wanamfukiza na moshi wake, basi anatokwa udenda usiokatika, fizi zinaoza, meno yanang'oka, na wao wanaona raha eti ugonjwa ndo unatoka!! Kumbe ule udenda ndo dalili yenyewe ya sumu. Wakaenda hivyo karibu miaka 400, mpaka dawa mpya ya kaswende, Salvarsan, ilipokuja 1910.

Kina Jabir ibn Hayyan, wale wanaalkemia wa zamani wa Kiislamu, wao waliamini metali zote zimetokana na zebaki na salfa, China nako wafalme kadhaa wa ukoo wa Tang walimeza vidonge vya zebaki ili wasife, wakafa navyo.

Ila kilichoniliza ni watoto. Uingereza mpaka miaka ya 1950 mama alikua ananunua dukani unga wa kutuliza mtoto anayeota meno, ndani kuna kalomeli (calomel) ambayo ni kampaundi ya zebaki, mtoto anavimba viganja vinakua vyekundu, ngozi inabanduka, mwanga hautaki, analia tu. Na mama anaendelea kumpa maana anajua anamtibu.

Dada zangu mnaotumia mikorogo, baadhi mpaka leo ina zebaki, lebo ikiandikwa calomel au mercury tafadhali msipake.