Kabla hujakimbilia rigresheni ya lojistiki, angalia swali lako kwanza

Jamani jana jioni nilikaa Upanga na mdogo wangu mmoja anasoma masta ya afya ya jamii, ana survei ya presha kwa watu wazima, data kaingiza vizuri kabisa halafu kaenda moja kwa moja kwenye rigresheni ya lojistiki, ile njia ya takwimu ya majibu ya ndiyo au hapana, kwa sababu ndo kila mtu darasani anafanya hivyo. Nikamchorea kwenye daftari: kundi A watu 100, wenye presha 60, kundi B watu 100, wenye presha 40. Gawa asilimia 60 ya A kwa asilimia 40 ya B unapata 1.5, yaani presha kwa A ni mara moja na nusu ya B, basi. Sasa odzi, yaani wenye presha kwa wasio nayo, ya A ni 60 kwa 40, ya B ni 40 kwa 60, ukigawanya uwiano wa odzi, ndo namba lojistiki inayotoa, unakuja 2.25, na mtu anaandika "zaidi ya mara mbili" wakati sio kweli! Tatizo likiwa adimu hizi namba zinakaribiana, likiwa limejaa mtaani kama presha zinaachana vibaya. Hapo rigresheni ya Poisson, njia nyingine ya takwimu, yenye makosa sanifu ya robasti (yaliyorekebishwa yafae data ya ndiyo au hapana) ingempa ile 1.5 moja kwa moja. Na kama unafuatilia wagonjwa na wengine wanapotea njiani, hiyo ni Kaplan-Meier na Cox, njia za kuchambua muda hadi tukio litokee, zipo toka 1958 na 1972.

Kinachoniuma mtakwimu anatafutwa data zishakusanywa, wakati alitakiwa awepo toka proposali. Wenye proposali mezani sasa hivi, njooni inboksi tuangalie pamoja, naongea kwa moyo wote.