Uzito husimama kabla ya kuhara

Nairobi, Julai

Baridi ya mwezi huu inapoingia vibandani, kuanzia Dagoretti hadi Kasarani, wasiwasi huwa ule ule: watoto wa sungura walionyonya vizuri wanadumaa wakishaachishwa, kisha wanakufa mmoja mmoja kati ya wiki ya 5 na ya 10 ya umri wao. Mfugaji akiona kuhara hudhani ugonjwa umeingia leo. Mara nyingi uzito ulikuwa umesimama siku kadhaa nyuma, ila hakuna aliyepima.

Kwa hiyo kabla ya chupa yoyote ya dawa, natetea mizani ya jikoni inayosoma gramu. Mtie mtoto kwenye bakuli, pima mara mbili kwa wiki saa ile ile, andika. Sungura wa aina ya New Zealand White akilishwa pelleti nzuri huongeza gramu 30 hivi kwa siku baada ya kuachishwa. Wanaotegemea majani huongeza pungufu, na huo si ugonjwa. Cha kutisha ni mmoja kubaki palepale huku ndugu zake wakipanda. Ukimpapasa, uti wa mgongo unachoma vidole, tumbo limetuna, manyoya yamesimama: hapo shuku koksidia, vimelea vinavyoshambulia utumbo.

Vimelea hivi hutoka na kinyesi vikiwa bado haviwezi kuambukiza. Huhitaji unyevu, joto kiasi na siku moja au zaidi vikomae, na ndani ya muda huo ndipo mfugaji anashinda au kushindwa. Kinyesi kiondolewe kila siku, sakafu iwe ya wavu na ikauke, chakula kining'inizwe nje ya wavu wasije wakakikalia. Dawa za klorini haziviui. Maji yanayochemka huviua. Matibabu ni dawa ya salfa au toltrazurili, kwa kipimo cha daktari wa mifugo kulingana na uzito, na wapewe wote wa kibanda kimoja, hata wanaoonekana wazima. Amoksilini na ampisilini za kumeza zisiwakaribie kabisa: huvuruga bakteria wema wa utumbo, na sungura anaweza kufa kwa dawa yenyewe.

Chakula nacho kina lawama yake. Gunia la sukuma wiki mbichi siku ya kuachishwa ni mtihani mkubwa kwa utumbo wa wiki 5. Ni heri kumhamisha mama na kuwaacha watoto kwenye kibanda walichokizoea, wakiendelea na pelleti zile zile, nyasi kavu ya boma rhodes isiyoisha na maji safi. Majani yaingie kidogo kidogo, yakiwa yamenyauka na bila umande.

Walio kiotani wana hesabu nyingine. Mama hunyonyesha mara moja tu kwa siku, dakika chache, basi usidhani amewatupa. Tumbo la mviringo ni shibe. Ngozi yenye mikunjo ni njaa, na huyo apelekwe kwa mama mwingine ambaye watoto wake hawapishani naye zaidi ya siku 3 hivi.

Akidumaa mmoja peke yake ilhali kinyesi ni kikavu, mfunue midomo. Meno ya sungura hayaachi kukua, na ya mbele yasipokutana hujipinda hadi asiweze kuuma chakula. Daktari anaweza kuyapunguza, ila yatarefuka tena ndani ya wiki chache. Kasoro hiyo mara nyingi hurithiwa, kwa hiyo sungura huyo asiwekwe kwa uzazi.