Kupita Nungwi wakati wa kusi

Meli ya Pemba ilitoka bandari ya Malindi, Unguja, bahari shwari, hata chai haikumwagika. Ushwari ule usikudanganye: magharibi ya Unguja kusi linakingwa na kisiwa chenyewe. Tulipoiacha Rasi Nungwi meli ikaanza kuyumba, na mabaharia wakapita wakigawa mifuko ya kutapikia.

Mzee wa kando yangu, kofia ya viua imemkaa sawasawa, hakuwa na habari. Tulikwisha shikamoana bandarini.

"Funga simu hiyo, mwanangu. Utatapika."

"Nasoma mambo ya mawimbi, mzee wangu. Ya hewa, kule ncha ya kusini ya dunia."

Akataka kujua. Nikamwambia upepo ukiipandisha hewa mlimani, hufika juu imepoa, nzito kuliko ya jirani yake. Mvutano wa dunia ukaishusha, ikapitiliza, ikapanda tena.

"Basi ndiyo hii meli."

Ndiyo hasa. Chimbuko kubwa kule ni milima, Andes ya kusini na Rasi ya Antaktika, inapopigwa na pepo za magharibi, hasa majira ya baridi. Dhoruba nazo huyazaa, na ule upepo mkali unaoizunguka ncha huyatoa unapoyumba. Kadiri wimbi linavyopanda ndivyo hewa inavyopungua uzito na wimbi linavyokua, hadi linavunjika makumi ya kilomita juu na kuzipunguzia kasi pepo za huko. Panapopoa zaidi kwa sababu yake hutanda mawingu ya barafu, na humo klorini iliyotokana na gesi za mafriji ya zamani hupata nguvu ya kula ozoni, gesi inayotukinga na miale mikali ya jua.

Kilichonishika mimi ni South Georgia, kisiwa cha Atlantiki ya kusini. Urefu wake ni karibu mara mbili ya Unguja, ila kilele chake, Mount Paget, kinakaribia mita 3,000. Mwaka 2015 wanasayansi walirusha hapo maputo ya kupimia hewa, maana programu za kubashiri tabianchi huigawa dunia kwa miraba mipana, visiwa vidogo vikapotelea humo na mawimbi yake. Mtu wa visiwani habari hiyo haimpendezi.

"Na Pemba yetu je?"

"Vilima vyetu havifiki hata mita 150, mzee wangu."

Akanyamaza kidogo. "Na hayo maputo, huyapata tena?"

"Hupasuka huko juu yakaangukia baharini. Vipimo huwa vimeshapelekwa kwa redio."

"Hasara," akasema, akainuka kutafuta mzigo wake. Mkoani ilishaonekana.