Harufu ya ekzosi ndani ya gari
Jamani, gari ikinuka moshi ndani usikimbilie manukato ya kuning'iniza. Yangu ilikuwa inanuka nikikwama foleni ya Sakina, hapa Arusha, tu, ikishakimbia inatulia. Fundi wa Unga Limited akawasha injini ikiwa bado ya baridi, akaziba bomba la nyuma kwa kitambaa kilicholowa. Ch-ch-ch kule mbele! Gasketi ya manifoldi (kile kizibio kati ya injini na bomba la moshi) imeungua, pembeni masizi meusi kama chungu cha makande. Kabadilisha, kakaza nati, kwisha.

Kilichonitisha ni kwamba kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu iliyo kwenye moshi, yenyewe hainuki, na baridi hii ya Julai vioo tunafunga vyote. Kichwa kikianza kuuma njiani, shusha vioo upaki.

Mpira wa buti nao umechanika, moshi unapenyea hapo. Anayejua wanapouza wa bei poa aniambie.