Nilivyoacha spika nikajifunza kuongoza ibada sebuleni kwangu

Mi ni fundi cherehani, niko Mbagala, na huu mwaka wa tatu naongoza ibada ya Alhamisi sebuleni kwangu. Juzi kuna kaka kanipigia anataka kuanzisha ya kwake mtaani kwao, kumbe keshapewa ushauri uleule ulionitia hasara mimi: nunua spika kwanza, watu watakuja wenyewe. Jamani!

Mi nilinunua. Tena kwa hela ya kukopa kwenye kikoba, laki mbili na kitu, lispika la magurudumu lenye mataa ya rangi rangi. Sebule yenyewe ukitoa cherehani na kabati la vitambaa inabaki nafasi ya mkeka na stuli nne. Siku ya kwanza wakaja watu kama kumi na mbili, nikaunganisha simu, nikafungua YouTube, nikaweka biti ya pambio tunalolijua wote, nikafumba macho kama wale wa kwenye runinga. Kumbe biti imepigwa juu huko, kwa ajili ya dada mwenye koo la filimbi. Beti ya kwanza tukajikongoja, kufika kiitikio wazee wakanyamaza, kina mama wakapanda nayo ikawa kama wanamkimbiza mwizi, shemeji yangu mwenye besi akatafuta pa kushika akakosa akabaki anapiga makofi tu.

Nikasema isiwe tabu, tuingie kwenye kuabudu, nikaweka ya taratibu. Watu wakainamisha vichwa, mama mmoja akaanza kulia kabisa, nikawaza moyoni hapa sasa pamekaa sawa, mara spika likapasuka: tangazo la kubeti! Kijana anapiga kelele weka jero uondoke na mamilioni. Nami simu nimeiweka wapi, iko chini ya vitambaa vya wateja, napapasa, nashika mkasi, nashika futi, tangazo linaendelea, watoto washaanza kucheka. Yule mama machozi yalikauka hapohapo. Nilipoipata simu bando likakata. Na wakati tunatazamana, mlango ukagongwa, jirani yangu wa ukuta mmoja, mlinzi wa zamu ya usiku, kajifunga shuka, macho mekundu, "Fundi, mwenzio saa hizi ndo nalala niingie kazini." Hakugomba hata kidogo, ndo ikazidi kuniuma.

Aliyenitoa pale ni bibi mmoja wa hapohapo kwetu. Wenzake walivyoondoka yeye akabaki ananitazama.

"Bibi nisamehe, leo nimewaharibia."

"Mwanangu, wewe ukipima mtu gauni, unaogopa wapi?"

Nikamwambia kifuani na kwenye nyonga, maana kiuno kikipwaya utapunguza ila nyonga ikibana ndo kitambaa cha watu kishaharibika.

"Haya, na wimbo upime nyonga kwanza."

Nilimwelewa usiku nikiwa nakanyaga cherehani. Kabla sijaanzisha wimbo wowote naupitia kimoyomoyo ule mstari unaopanda kuliko yote, nauguna kidogo, nikiufikia bila kukaza shingo ndo narudi mwanzo na sauti hiyohiyo. Na hapo bado nashusha kidogo, kwa sababu mtu katoka kuuza samaki toka alfajiri koo lake la jioni si la Jumapili asubuhi. Wiki ya kwanza nilivyofanya hivyo shemeji alipata besi yake, hakutaka tumalize. Ngoma hatuna, tuna kopo la vifungo, watoto wanalitikisa kama kayamba, tukiingia nyimbo za taratibu linalazwa juu ya kitambaa na anayelishika anajiona askofu.

Jirani nilimfuata kesho yake tukaongea. Tulikuwa tunaanza saa kumi na moja, tukasogeza mpaka saa moja usiku, yeye keshatoka. Mke wake Mwislamu, na sasa yeye ndo anatuazima mkeka wa pili. Adhana ya Isha ikilia sisi tuko kwenye kusoma neno, makofi hakuna, nimepanga makusudi.

Kuhubiri nako nilikosea. Nilikuwa nasimama, kwenye sebule ile, nawapigia watu kelele dakika hamsini nikiwa hatua moja kutoka kwenye magoti yao. Jamaa mmoja akalala akaegemea kabati. Nikamkumbuka Eutiko wa Matendo 20, aliyesinzia dirishani Paulo akirefusha maneno akaanguka toka orofa ya tatu, na yule alikuwa Paulo, sembuse mimi. Sasa nakaa chini. Tunasoma kipande, Biblia inazunguka, nauliza kipi kimekugusa, afu nanyamaza. Mwanzo kile kimya kilinitesa, nilikuwa nakivunja mwenyewe, siku hizi nahesabu mpaka ishirini na kabla sijafika mtu kashaongea. 1 Wakorintho 14:26 si inasema mkikutana kila mmoja ana zaburi, ana fundisho? Kazi yangu nipunguze maneno yangu.

Kuna mzee wetu akiomba anaanzia Adamu. Kumkatisha siwezi, ni mkubwa. Basi nampa sala ya chai. Chai inakuwa imeshamiminwa, na yeye hapendi iliyopoa, dakika moja amina. Sukari na maandazi inakula kama elfu kumi, wiki nyingine pungufu, wanachangiana.

Wapo wanaosema sebule si kanisa. Nawaambia wasome Warumi 16, Prisila na Akila kanisa lilikuwa nyumbani kwao, na kazi yao ilikuwa kushona mahema, mafundi wenzangu. Ila sijitii uchungaji, kubatiza na meza ya Bwana kila mtu anapata kanisani kwake Jumapili.

Spika nilimuuzia kijana wa viatu kwa nusu bei, mkopo nikaumalizia kwa kushona sare za shule. Nikipita Rangi Tatu, hapahapa Mbagala, nalisikia na mataa yake yote linanadi malapa, buku mbili, buku mbili.